Rupingazi: Mto mdogo wa Embu wenye mzigo mkubwa

Msafiri anayetoka Kutus kuelekea Embu huvuka mto Rupingazi muda mfupi tu kabla ya kuingia mjini. Mto wenyewe si mpana, na wengi hupita bila kuutazama. Hata hivyo, ndio unaowapa wakazi wa Embu maji ya mferejini, na maji yake huchangia kuzungusha mitambo ya umeme wa taifa.

Rupingazi huanzia katika miteremko ya kusini-mashariki mwa Mlima Kenya, wenye kimo cha mita 5,199. Wengi hudhani kuwa mito ya mlima huo hulishwa na theluji ya kileleni. Ukweli ni kwamba barafu iliyosalia huko juu ni kidogo mno na mchango wake ni haba. Mama wa mto huu ni msitu.

Upande huo wa mlima hukabili pepo zitokazo Bahari ya Hindi, na baadhi ya sehemu za msitu hupata mvua inayozidi milimita 2,000 kwa mwaka. Udongo wa msituni hunyonya mvua ya Machi hadi Mei na ile ya Oktoba hadi Desemba, kisha huyaachilia maji polepole. Kwa sababu hiyo, mto huendelea kutiririka hata wakati wa kiangazi.

Unapotoka msituni, mto huingia katika mashamba ya majani chai, kisha ya kahawa. Ili kukinga misitu ya aina hii isimegwe, serikali ilianzisha mikanda ya chai ya Nyayo mwaka 1986. Mto Kapingazi, unaoanzia upande huo huo wa mlima, huingiza maji yake katika Rupingazi. Katika sehemu ya safari yake, Rupingazi huwa mpaka kati ya Embu na Kirinyaga.

Mji wa Embu uko kwenye kimo cha takriban mita 1,350. Kutoka hapo mto huteremka kuelekea nyanda kavu, hujiunga na maji ya mto Thiba, na hatimaye huingia katika bwawa la Kamburu lililoko kwenye mto Tana, karibu mita 1,000 juu ya usawa wa bahari.

Hapo ndipo penye uzito wa jambo. Bwawa la Masinga, lililokamilika mwaka 1981, ndilo ghala kuu la maji ya Tana, nalo hunasa udongo mwingi unaotoka juu. Lakini maji ya Thiba na Rupingazi hayapitii Masinga. Udongo unaosombwa kutoka mashamba ya Embu huishia Kamburu, bwawa lenye uwezo wa takriban mita za ujazo milioni 150 pekee, ikilinganishwa na milioni 1,560 za Masinga. Chini ya Kamburu kuna vituo vya Gitaru, Kindaruma na Kiambere, vinavyotegemea maji hayo hayo. Gitaru pekee ina uwezo wa megawati 225.

Kwa hiyo, mkulima anayelima hadi ukingoni mwa mto humwathiri anayewasha taa mamia ya kilomita kutoka kwake. Mikaratusi iliyopandwa kandokando ya maji nayo hunywa maji mengi, hasa wakati wa ukame.

Kanuni za maji za mwaka 2007 ziliweka ukanda wa ukingo usioguswa kuwa kati ya mita 6 na 30. Mradi wa uhifadhi wa upande wa mashariki wa Mlima Kenya, uliotekelezwa kati ya mwaka 2004 na 2012, ulilihusisha bonde la Rupingazi na Kapingazi. Aidha, Sheria ya Maji ya mwaka 2002 iliwapa watumiaji wa mto mmoja fursa ya kuungana katika vyama vyao na kujadiliana kuhusu ugavi wa maji.

Vyama hivyo ndivyo vinavyoweza kuwakalisha pamoja mkulima wa chai wa juu, mkazi wa mjini na mfugaji wa nyanda za chini. Sheria huweza kupima mita za ukingo, lakini jembe la kuacha au kuuvuka mpaka huo limo mikononi mwa wanaoishi kando ya mto.