Linux Huanzia Dukani

Tarehe 14 Oktoba 2025, Microsoft ilifikisha kikomo huduma ya kawaida ya Windows 10, mfumo endeshi uliokuwa sokoni tangu mwaka 2015. Mrithi wake, Windows 11, hudai chipu ya usalama ya TPM 2.0, na kwa upande wa Intel haikubali rasmi prosesa za kabla ya kizazi cha nane isipokuwa chache. Kwa hiyo kompyuta mpakato nyingi zilizoundwa kabla ya mwaka 2018 zimewekwa kando, ilhali kibodi, skrini na prosesa zake ni nzima. Jambo hili linatuhusu kwa karibu Afrika Mashariki, kwa sababu wengi wetu hununua mashine zilizokwisha kutumika katika ofisi za ng'ambo. Kwa mwanafunzi, mwalimu au mfanyabiashara mdogo ambaye kazi yake ni kuandika, kupiga hesabu na kuingia mtandaoni, mashine kama hiyo ikiwekewa mfumo endeshi wa Linux ni ununuzi wa busara zaidi kuliko mpya ya bei ya chini. Lakini faida hiyo ni ya anayejua kuchagua. Sehemu kubwa ya kuiandaa kompyuta ya Linux hufanyika dukani, kabla ya pesa kutoka mfukoni.

Linux, ambayo kwa asili ni kiini cha mfumo endeshi, ilianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, wakati huo mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, na hutolewa kwa leseni inayomruhusu yeyote kuisoma, kuibadilisha na kuigawa. Juu ya kiini hicho imejengwa mifumo kamili kama Debian, Ubuntu na Linux Mint, yote ya bure na halali. Hata hivyo, mfumo wowote huweza kuendesha kifaa pale tu ambapo kuna draiva yake, yaani programu ndogo inayojua kuzungumza nacho. Intel, kwa mfano, huandika draiva za waifai na michoro na kuzichangia kwenye Linux yenyewe, hivyo vifaa vyake kwa kawaida hufanya kazi mara tu kompyuta inapowashwa. Chipu kadhaa za waifai za Broadcom, kwa upande mwingine, huhitaji programu ya ziada ambayo haimo katika kila mfumo huria. Ndiyo maana kompyuta mbili za bei moja zinaweza kutofautiana kabisa: moja ikaingia mtandaoni papo hapo, nyingine ikamtesa mwenyewe wiki nzima. Anayeilaumu Linux katika hali hiyo mara nyingi alipaswa kuilaumu chipu.

Kwa mtazamo huo, mahali pazuri pa kuanzia ni mashine zilizoundwa kwa ajili ya makampuni: ThinkPad za Lenovo, Latitude za Dell na EliteBook za HP. Hizi huuzwa kwa wingi kwa ofisi, vipuri vyake hupatikana, watengenezaji huweka hadharani miongozo ya kuzifungua, na watu wengi wamekwisha kuzijaribu na Linux. Chukua EliteBook 840 G3. Ukiona imeandikwa i5-6300U, tarakimu ya kwanza baada ya kistari inakwambia kuwa prosesa ni ya kizazi cha sita. Windows 11 haiitaki, lakini Linux huiendesha bila shida. Ndani yake kuna nafasi mbili za RAM, hivyo mwenye GB 4 anaweza kuongeza, na diski yake inaweza kubadilishwa. Sasa ilinganishe na mashine mpya za bei ya chini, ambazo nyingi huja na RAM ndogo iliyochomelewa kwenye bodi na hifadhi isiyobadilishika. Upya wake ni wa nje tu. Siku kazi zikiongezeka, hakuna cha kuongeza. Linux Mint inapendekeza angalau GB 4 za RAM, lakini kwa mtu anayefungua kurasa nyingi za intaneti GB 8 ndizo za kulenga. Diski nayo iwe SSD, kwani hakuna badiliko linaloipa kompyuta ya zamani kasi kubwa kuliko hilo.

Maandishi ya nje hayatoshi, na hapa Linux inampa mnunuzi silaha ambayo wengi hawaitumii. Mfumo mzima unaweza kuwashwa kutoka kwenye flashi bila kugusa kilichomo ndani ya kompyuta. Faili la Linux Mint ni la takriban GB 3. Hupakuliwa kutoka tovuti rasmi, kisha huandikwa kwenye flashi kwa programu kama Rufus au balenaEtcher. Ukifika dukani, ichomeke, washa mashine huku ukibonyeza F12 kwa ThinkPad na Dell au F9 kwa HP, kisha chagua flashi. Ikishawaka, unganisha waifai, cheza sauti, fungua kamera, bonyeza herufi zote za kibodi. Funga kifuniko, subiri kidogo, kifungue uone kama inaamka. Angalia taarifa za betri, kwani Linux huonyesha ujazo iliyoundwa nao na ujazo inaoufikia sasa; ikiwa imebaki nusu, bei nayo ishuke. Mwisho, ingia kwenye mipangilio ya BIOS. Ikidai nywila ambayo muuzaji haijui, iache, kwa sababu huenda bado imefungwa na kampuni iliyoimiliki au iliibwa. Muuzaji anayekataa jaribio hili ameshakupa jibu.

Ukichagua hivyo, usakinishaji wenyewe ni kazi fupi. Nakili kwanza mafaili yote unayoyahitaji mahali pengine, maana kufuta diski hakuna kurudi nyuma. Wakati wa kusakinisha, chagua kusimba diski kwa nywila, ili mwizi wa kompyuta asipate na barua zako. Baada ya hapo weka masasisho, ukitumia hata bando la simu kupitia waya wa USB, na washa Timeshift, inayotunza nakala za mfumo ili ukiharibika uurudishe ulivyokuwa. Mafaili yako binafsi yanahitaji nakala yake tofauti.

Pingamizi kubwa ni programu. Ni kweli kwamba Photoshop na Microsoft Office za kusakinisha hazina toleo la Linux, na ofisi inayotegemea programu ya uhasibu iliyoundwa kwa Windows pekee haina sababu ya kuhama leo. LibreOffice hufungua nyaraka za Word na Excel, lakini nyaraka zenye mpangilio mgumu au makro zinaweza kuvurugika. Anayezitegemea azijaribu kwanza, hata kwa ile flashi. Kwa walio wengi, hata hivyo, barua pepe, benki, maombi ya chuo na huduma nyingi za serikali zimehamia kwenye kivinjari, na Firefox ni ileile popote ilipo. Wengine husema Microsoft imewapa watu binafsi nafasi ya kupata masasisho ya usalama hadi Oktoba 2026. Hiyo ni ahueni ya kupanga safari, si makazi. Na Windows ya kuchakachua, ambayo wengi huiona njia ya mkato, humfanya mtu aikabidhi nywila ya benki yake kwa programu iliyofunguliwa na asiyemjua.

Husemwa pia kwamba mafundi wa mitaani hawaijui Linux na kwamba si kitu cha kwetu. La kwanza lina ukweli, na ndiyo hoja nyingine ya kuchagua mashine ya kawaida na mfumo wenye watumiaji wengi, ili msaada upatikane kwa urahisi. La pili halina. Mwaka 2004, kupitia mradi wa Kilinux uliohusisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ilitolewa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili. Kazi hiyo iliwezekana kwa sababu programu ilikuwa huria. Kwa hiyo, unaponuia kununua kompyuta, anza na flashi. Iandae nyumbani, nenda nayo dukani, na usilipe mpaka mashine iwake mbele yako, iingie mtandaoni na ikuoneshe hali ya betri yake.