Kupepesuka bila tone la pombe

Kupepesuka tumewaachia walevi. Kasulu nimelisikia neno hilo kando ya beseni la muhogo, na halijanitoka kichwani.

Mama muuza unga niliyemkuta huko hana haraka na muhogo mchungu. Akishaumenya na kuukata, anauloweka. Siku ya kwanza hautazami. Ya pili maji yanatoa povu na harufu ya uchachu. Ya tatu anaubonyeza kwa kidole gumba: kikizama hadi ndani, anautoa, anachomoa uzi wa katikati, anaumegamega na kuuanika. Kikigonga ugumu, unarudi majini, hata kama mteja amesimama na pesa mkononi. Kwake, anayewahisha soko anauza ulevi. Mtoto atakula ugali huo, kichwa kitamuuma, atatapika, kisha atapepesuka hadi ashike ukuta. Tena anasisitiza: anayepepesuka kwa muhogo usimcheke, mpeleke zahanati.

Kidole chake kinapima sawasawa. Muhogo mchungu una kemikali ambayo mzizi ukipondeka au ukichacha huachia sianidi. Maji na hewa huiondoa, mradi upewe muda. Mwilini, protini husaidia kuivunja makali, ndiyo maana kwa mama huyu haueleweki ugali mkavu usio na maharage wala dagaa.

Lakini kuna mwendo ambao kupepesuka hakuutoshi. Mwaka 1985, baada ya ukame, wilayani Tarime watu walifupisha siku za kuandaa muhogo, na baadhi yao wakapata konzo. Ugonjwa huu hushika ghafla, zaidi watoto na wanawake walio katika umri wa kuzaa. Miguu hukakamaa, magoti hupishana, mgonjwa hukanyagia vidole. Kizunguzungu cha muhogo hupita; konzo haiponi.

Ipo njia ya kuuokoa unga ulioharakishwa: uchanganye na maji, utandaze tabaka jembamba kwa muda wa saa 2 juani au saa 5 kivulini, kisha usonge ugali siku hiyohiyo. Nilipomweleza mama yule, alikubali upesi, halafu akanionyesha magunia ya unga ya wenzake yanayosubiri gari la Kibondo. Yote meupe. Lipi lina muhogo uliokaa majini siku tatu, na lipi siku moja? Mnunuzi atajuaje, na nani sokoni ana kazi ya kumwambia?