Mtetemo wa Klachi Katika Volkswagen Beetle: Sehemu ya Tatu

Klachi ya gari la gia za mkono inapotetemeka, mtetemo huo hudumu kwa muda mfupi sana, yaani pale dereva anapoiachia pedali akiwa katika gia ya kwanza au ya rivasi, kisha hutoweka gari likishashika mwendo. Na kwa kuwa hutoweka, wenye magari wengi huuvumilia mpaka mipira ya injini inakatika. Sehemu zilizotangulia zilieleza kwamba sahani ya klachi, yaani duara la chuma lenye bitana za msuguano pande zote mbili, hubanwa kati ya flaiwili, ambayo ni gurudumu zito lililofungwa mwishoni mwa krankishafti, na presha pleti yenye springi, na kwamba sahani hiyo inapaswa kuteleza kwa utulivu kidogo kabla ya kushika kabisa. Mtetemo ni kushika na kuteleza kwa kupokezana haraka haraka, na katika Beetle una chanzo kimoja ambacho magari mengi mengine hayana.

Gari hili hubeba injini nyuma, na gia boksi hufungwa mbele ya injini hiyo, vyote viwili vikiwa mzigo mmoja uliokaa juu ya mipira, ilhali pedali iko mbele kabisa. Kwa hiyo nguvu ya mguu husafirishwa na waya mrefu unaopita ndani ya mfereji wa katikati ya sakafu. Waya huo ukishatoka katika fremu huingia katika bomba fupi linalopindika, ambalo ncha yake moja hukaa kwenye fremu na ya pili kwenye kishikizo cha gia boksi. Bomba hilo halitakiwi kunyooka hata kidogo: tumbo lake linapaswa kuning'inia milimita 25 hadi 45 chini ya mstari unaounganisha ncha zake mbili. Injini inapoanza kuvuta, gia boksi husogea juu ya mipira yake, na bomba likiwa limenyooka waya hupita bila kizuizi, hivyo kila msogeo hufika kwenye mkono wa klachi, ukaibana sahani na kuiachia, na kuachia huko kukazaa msogeo mwingine. Mpindo huleta msuguano mdogo kati ya waya na bomba, na msuguano huo ndio unaoituliza duru hiyo.

Tiba yake ni washa chache zinazoongezwa kati ya ncha ya bomba na kishikizo, kwani kila washa hulisukuma bomba mbele na kulipinda zaidi. Baadaye nati yenye masikio iliyo mwishoni mwa waya hurekebishwa ili pedali icheze milimita 10 hadi 20 kabla ya kuanza kusukuma klachi. Injini ya Beetle hushikwa kwenye gia boksi kwa boliti nne tu, na wepesi huo umewafanya mafundi wengi waiteremshe kabla hata ya kuchungulia bomba, jambo la kusikitisha, kwa sababu mwenye gari hulipia sahani mpya na mtetemo ukabaki palepale. Gari lililoshinda mbio za Safari za Afrika Mashariki mwaka 1954 na tena mwaka 1962 linastahili kupimwa kwanza.

Bomba likiwa sawa, mipira ya gia boksi hukaguliwa msaidizi akiachia klachi taratibu huku breki ya mkono imevutwa, na mpira uliokatika hujionyesha kwa gia boksi kuinuka. Hapo ndipo injini huteremshwa. Mafuta yakionekana juu ya sahani, chanzo chake lazima kijulikane: ya injini yaliyotumika huwa meusi na hupenya kwenye sili iliyo nyuma ya flaiwili, ilhali ya gia huwa mazito yenye harufu kali ya salfa na hutoka kwenye sili ya shafti ya gia boksi. Sahani iliyolowa haisafishwi kwa petroli ikarudishwa, maana mafuta yaliyozama katika bitana hutoka tena joto linapopanda. Sili mpya nayo haifai kuwekwa kabla ya kupima mchezo wa krankishafti wa kwenda mbele na nyuma, unaopaswa kuwa kati ya milimita 0.07 na 0.13 na kurekebishwa kwa washa tatu nyembamba zilizo nyuma ya flaiwili, kwa kuwa mchezo ukizidi sili hiyo italiwa upesi. Flaiwili yenye madoa ya buluu yaliyoachwa na joto hupelekwa kwenye kerezo ikasawazishwa, na boliti za presha pleti hukazwa kwa zamu, kidogo kidogo na kwa kuvuka, ili pleti isipinde. Injini ikisharudi, bomba la waya hupimwa upya, kwa sababu gia boksi iliyowekewa mipira mipya haikai tena pale ilipokuwa.