Eneo la Wazi Lisilo na Hati

Fungua mchoro wa mipango miji wa kata yoyote iliyopimwa Shinyanga, Kahama au Geita. Katikati ya viwanja vya makazi utaona vipande vya kijani vilivyoandikwa "eneo la wazi", "uwanja wa michezo" au "makaburi". Sasa nenda masjala ya ardhi uulizie hati ya kipande kimojawapo. Mara nyingi haipo. Kiwanja cha jirani kina namba, kitalu, bikoni nne na mtu anayelipa kodi ya pango la ardhi kila mwaka. Eneo la wazi lina rangi tu.

Tofauti hiyo ndiyo chanzo cha karibu kila mgogoro wa maeneo ya umma mijini, na kwenye ukanda huu wa dhahabu ina uzito wa ziada. Mwenye tamaa na kipande kile hahitaji kupambana na mtu, maana hakuna mtu aliyeandikwa. Anachohitaji ni kuwa wa kwanza kupata karatasi.

Sheria yenyewe haikuyasahau maeneo haya. Tanzania ardhi yote ni ya umma, Rais akiwa mdhamini, nayo imegawanywa makundi matatu: ardhi ya jumla, ardhi ya kijiji na ardhi ya hifadhi. Wengi wakisikia "hifadhi" huwaza Serengeti au msitu. Lakini kifungu cha 6 cha Sheria ya Ardhi ya 1999 kinaweka humo humo ardhi iliyotengwa kwa sheria za mipango miji, viwanja vya burudani vya umma, hifadhi za barabara na ardhi ya huduma za jamii. Kifungu cha 7 kinaongeza ardhi hatarishi, ikiwamo ile iliyo ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Kwa maneno mengine, kile kiwanja cha vumbi ambako watoto wa mtaa wako hucheza mpira jioni, kama kimo kwenye mchoro ulioidhinishwa, kisheria kiko kundi moja na mbuga.

Kwa nini basi kinaliwa? Kwa sababu hakiliwi siku moja. Huanza kibanda cha chipsi kwenye kona, kwa kibali cha muda. Kibanda huwa kontena, kontena huwa sehemu ya kuoshea magari, na siku moja unakuta ukuta wa tofali na bango la ukumbi wa sherehe. Sheria ya Mipango Miji ya 2007 inataka ubadilishaji wa matumizi upitie mamlaka ya upangaji, utangazwe, na watu wapate nafasi ya kupinga. Ila tangazo lililobandikwa ofisini nani analisoma? Na halmashauri inayotakiwa kulinda eneo ndiyo hiyo hiyo inayosukumwa kila robo mwaka kuongeza mapato ya ndani. Mwekezaji anayeahidi kodi ya pango ya kila mwezi husikilizwa kuliko watoto wa mpira.

Halafu kuna jambo ambalo sisi tunaoshughulika na ardhi tunalisema kwa sauti ya chini. Maeneo mengi ya wazi hayakuchukuliwa na tajiri. Yamechukuliwa na umma wenyewe: zahanati, ofisi ya kata, kituo cha polisi, madarasa ya ziada. Kila kimoja kinahitajika, na hakuna diwani atakayesimama kupinga zahanati. Lakini mtaa ukimaliza kujenga vyote hivyo juu ya uwanja mmoja, mnada wa kesho, msiba mkubwa, mkutano wa kampeni na mpira wa vijana vyote vitakosa pa kwenda. Kwa maoni yangu, halmashauri inayojenga kwenye eneo la wazi ingelazimishwa kwanza kuonyesha eneo jingine la ukubwa ule ule, katika kata ile ile.

Sasa tuje kwenye dhahabu. Kwingineko nchini ardhi ya mjini ina rejista moja ya kuhofia. Huku zipo mbili. Juu ya ardhi kuna Wizara ya Ardhi na halmashauri. Chini yake kuna madini, ambayo ni mali ya Jamhuri na leseni zake hutolewa na Tume ya Madini. Leseni ndogo ya uchimbaji huweza kufikia hekta 10 na hudumu miaka saba. Mwombaji huchora eneo lake kwa majira-nukta. Mchoro wa mipango miji uko kabati jingine, ofisi nyingine. Ndiyo maana kwenye ukanda huu si ajabu kusikia mtu mwenye leseni ya madini na mtaa wenye mchoro wakigombania udongo ule ule, kila upande ukiwa na karatasi halali mkononi.

Sheria ya Madini ya 2010 ina jibu, ingawa wachache mtaani wanalijua. Kifungu cha 95 kinamzuia mwenye leseni kufanya kazi kwenye ardhi iliyotengwa kwa shughuli za umma, au mahali pa kuzikia, bila idhini ya maandishi ya waziri anayehusika. Ndani ya mita 200 za jengo linalokaliwa anahitaji ridhaa ya mkaaji halali. Ndani ya mipaka ya mji anahitaji ridhaa ya mamlaka ya mji huo. Lakini angalia neno "iliyotengwa". Uwanja ambao haukuwahi kupimwa wala kuandikwa popote, hata kama babu zenu walicheza ngoma hapo, ni vigumu kuuthibitisha kuwa ulitengwa. Rashi ya dhahabu ikitokea, mji huota kwa wiki chache: maduara (mashimo ya wachimbaji), makarasha (mashine za kusaga mawe), gesti, baa, na njia zinazopita pale tu ambapo hakuna mtu aliyejenga. Mpimaji akifika miaka kumi baadaye kwa ajili ya urasimishaji, anakuta kila mita ina mwenyewe. Majirani hukubali kukatwa kidogo kupisha barabara, kwa sababu gari la maji likipita kila mmoja anafaidi. Kukata kiwanja cha mpira hakuna anayekubali.

Mji wa Geita ni mfano mkubwa kuliko yote. Uchimbaji mkubwa hapo ulianza miaka ya 1930 na mgodi wa zamani ukafungwa 1966. Mgodi wa sasa, GGM (Geita Gold Mine), unaomilikiwa na AngloGold Ashanti, ulianza kuzalisha mwaka 2000 chini ya leseni maalumu ya 1999 yenye takribani kilomita za mraba 196. Wakati ule Geita ilikuwa mji mdogo wa wilaya. Mwaka 2012 ikawa makao makuu ya mkoa mpya, watu wakafurika, na mji ukakua hadi ndani ya kile wakazi wanachokiita "vigingi vya GGM". Wakazi wa mitaa kama Katoma na Nyamalembo wamelalamika kwa miaka mingi kwamba hawawezi kumilikishwa wala kuendeleza ardhi kwa uhuru. Mgogoro huo husimuliwa kama wa nyumba na fidia, na ni haki yao kusimulia hivyo. Mimi naongeza upande usiosemwa: mtaa ambao hauwezi kupimwa hauwezi pia kutenga uwanja. Siku mgogoro utakapomalizika na hati kuanza kutolewa, kila mtu atadai kiwanja chake, na eneo la wazi halitakuwa na mdai.

Mgodi huo huo, kwa upande wa pili, umejengea umma mengi. Halmashauri hupata ushuru wa huduma unaotokana na mauzo, na tangu marekebisho ya sheria ya 2017 kampuni ya madini inapaswa kukubaliana na halmashauri kila mwaka juu ya mpango wa kuchangia jamii. Fedha zipo, basi. Kupima na kuwekea bikoni maeneo ya wazi ya mji mzima ni gharama ndogo mbele ya jengo moja, ila kazi hiyo haina utepe wa kukata.

Kahama nao wana nafasi ambayo miji michache huipata. Mgodi wa Buzwagi, jirani kabisa na mji, ulisimamisha uzalishaji 2021, na eneo lake likapangiwa kuwa ukanda maalumu wa kiuchumi. Viwanda ni jambo jema. Lakini mji unaokua kwa kasi ya Kahama ungeomba sasa, kabla viwanja vyote havijagawiwa, sehemu ya bustani na viwanja vya michezo iandikwe kwenye mpango kwa namba zake. Mwekezaji wa mwisho akishaingia, hakuna atakayerudisha hekta.

Jirani zetu wa Nairobi wametufundisha kwa machozi. Mwaka 1989 mwanamazingira Wangari Maathai alipinga jengo la ghorofa 60 lililokusudiwa ndani ya Uhuru Park. Alitukanwa bungeni, lakini wafadhili walijitoa na mradi ukafa. Bustani ile ilikuwa na jina na katikati ya jiji kila mtu aliiona. Viwanja visivyo na jina havikupata bahati hiyo: ripoti ya Tume ya Ndung'u ya 2004 ilieleza jinsi ardhi ya umma, kuanzia vyoo hadi misitu, ilivyogawiwa watu binafsi nchi nzima. Januari 2015 watoto wa Shule ya Msingi Lang'ata Road waliangusha ukuta uliozungushwa kwenye uwanja wao, polisi wakawarushia mabomu ya machozi. Ardhi ikarudishwa, na serikali ikaanza kuharakisha hati za shule za umma. Zilihitajika picha za watoto wakikohoa moshi ili ofisi ione umuhimu wa karatasi.

Usukumani hatuhitaji kwenda Nairobi kujifunza kufunga ardhi kwa faida ya wote. Ngitili ni hiyo. Jamii au familia hufunga eneo masika, majani yanakua bila kuguswa, kisha hufunguliwa kiangazi mifugo inapokosa malisho. Misitu ilikuwa imefyekwa tangu enzi za mkoloni kuangamiza mbung'o, pamba na mifugo vikamalizia, hadi Shinyanga ikaitwa jangwa. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ulipoanza 1986 haukuleta sheria mpya. Ulirudi kwenye ngitili. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 2000 zaidi ya hekta 300,000 zilikuwa zimerudishiwa uoto. Nyingi hazikuwa na hati. Zilikuwa na mpaka unaojulikana, msimu unaojulikana, faini inayopangwa na dagashida, yaani baraza la jadi la Wasukuma, na sungusungu, walinzi wa jadi, wa kuifuatilia.

Mjini dagashida haipo. Mpangaji wa chumba kimoja Ngokolo, mjini Shinyanga, hamjui mwenzake wa mtaa wa pili, na mwenyekiti hubadilika kila uchaguzi. Kwa hiyo karatasi lazima ifanye kazi iliyofanywa na wazee. Hati itolewe kwa jina la halmashauri, lakini masharti ya matumizi yaandikwe wazi kuwa ni uwanja wa umma, ili halmashauri yenyewe isiweze kuugeuza kimya kimya. Bikoni zisimikwe na bango liwekwe. Nakala ya mchoro ikae ofisi ya mtaa, si mkoani peke yake.

Kama eneo lenu limeshavamiwa, usikatishwe tamaa na mvamizi anayesema amekaa miaka mingi. Ukomo wa miaka 12 unaomlinda mtu dhidi ya mtu mwenzake haumlindi dhidi ya serikali inayodai ardhi ya umma. Na kama halmashauri ndiyo iliyogawa, kumbuka kwamba kesi dhidi yake inahitaji notisi ya siku 90 kwanza. Ukuta hujengwa kwa siku chache kuliko hizo, hivyo barua ya pingamizi ipelekwe mara tofali la kwanza linapoonekana. Vikao vya Baraza la Madiwani viko wazi kwa wananchi. Ramani ya leseni za madini inaangaliwa kwenye tovuti ya Tume ya Madini, bure, hata kwa simu. Mkutano mkuu wa mtaa ujao, ombeni ajenda moja: orodha ya maeneo ya wazi ya mtaa wenu, na hati ya kila eneo.