Ile 5-1 Ya Arsenal Na City: Kwa Nini Ilibamba Hivyo, Na Bado Kombe Likaenda Kwingine

Wasee wa Arsenal, kujeni tuongee. Wa Man U pia mnaweza kaa hapo pembeni, juu kuna mahali mtatajwa.

Ukitaja ile Jumapili ya tarehe 2 Februari 2025, Arsenal 5, Manchester City 1, lazima kuna mtu hapo base atakuuliza, "Na mlibeba nini?" Hilo swali linaudhi, lakini halina makosa. Msimu wa 2024/25 Arsenal ilimaliza namba mbili, mara ya tatu mfululizo, na ligi ikaenda Liverpool. Sasa ile 5-1 ilikuwa ya nini? Jibu langu ni hili: raha ya ile usiku ilikuwa halali kabisa, na ndani ya hiyo hiyo gemu kulikuwa na shimo ambalo baadaye lilitumaliza. Vyote viwili ni ukweli.

Tuanze na beef, juu bila beef huwezi elewa kwa nini watu wazima wenye watoto walikuwa wanaruka juu ya viti.

Septemba 22, 2024, Arsenal walienda Etihad. City walikuwa wametoka kubeba ligi mara nne mfululizo, na mara mbili za mwisho walioachwa namba mbili ni Arsenal. Msimu wa 2023/24 tofauti ilikuwa pointi mbili tu, 91 kwa 89. Siku hiyo Haaland akafunga mapema, Calafiori akasawazisha na kombora kutoka nje ya boksi, Gabriel akaweka ya pili na kichwa. Halafu kabla tu ya mapumziko, Trossard akalishwa kadi nyekundu. Kipindi chote cha pili Arsenal walicheza wakiwa kumi, wamejipanga ndani ya boksi kama abiria wa mathree ya saa moja asubuhi, na ilikuwa inaenda kufanya kazi. Dakika ya 98 John Stones akasawazisha. 2-2.

Hiyo sare iliuma, lakini kilichoweka moto ni kilichofuata. Haaland alichukua mpira akamrushia Gabriel kichwani, na Gabriel akiwa amempa mgongo. Gemu ikiisha akamwambia kocha Mikel Arteta akae humble. Na kulikuwa na kijana wa miaka 17, Myles Lewis-Skelly, ambaye alikuwa amepewa kadi ya njano hata kabla hajakanyaga uwanja. Hebu fikiria hiyo: gemu yako ya kwanza ya ligi, na refa ashakuandika ukiwa bado upande wa benchi. Haaland alimuuliza huyo kijana yeye ni nani, na hakuuliza kwa upole. Shika hilo swali, tutalirudia.

Sasa ile Jumapili yenyewe. Hapa Nairobi raha ilianza hata kabla Arsenal hawajaingia uwanjani. Saa kumi na moja jioni Man U walikuwa kwao Old Trafford na Crystal Palace, wakachapwa 2-0, zote za Mateta. Kwa hivyo gemu yetu ikianza saa moja na nusu usiku, wale wasee ambao kawaida ndio huleta kelele kwa kibanda cha mpira walikuwa wamezimwa tayari. Nasema hivi juu mafans wa City mtaani ni wa kuhesabu na vidole. Ukichapa City, unayemuumiza ni jirani yako wa Man U ambaye ameazima City kwa dakika 90.

Dakika ya pili tu, 1-0. Na hili bao ndilo linaeleza gemu nzima, kwa hivyo twende polepole.

City ya Pep Guardiola haipendi kupiga mpira mbele ovyo. Kipa anaanza na pasi fupi kwa beki, beki anapea kiungo, na ukiwafuata kwa papara wanakuzunguka, unajipata umeacha nafasi nyuma. Arsenal waliamua kuwafuata hadi ndani ya boksi lao, lakini kila mtu na mtu wake. Manuel Akanji akapokea mpira karibu na goli lake, akachelewa kidogo, Trossard akamnyang'anya. Mpira ukamfikia Havertz, badala ya kupiga akamwekea Martin Ødegaard, kapteni akamalizia. Hiyo haikuwa bahati. Wachezaji wakikimbia pamoja hivyo, beki hana pasi ya kupeana na anafanya makosa. Mchezaji mmoja akizembea, mtego wote unavunjika na ni City wanafunga.

Baadaye kipindi hicho hicho, City wakapoteza mpira tena mahali pabaya, na Havertz akabaki yeye na kipa. Akapiga nje. Nakumbusha hii nafasi juu watu huisahau wakiongea kuhusu 5-1. Mpaka mapumziko ilikuwa 1-0 tu, na ingefaa kuwa zaidi.

Dakika ya 55 Haaland akasawazisha na kichwa. Kama umekuwa Gunner kwa muda, unajua ile baridi huingia mwilini hapo. Ni Etihad tena, ni Aprili 2023 tena, ni kila kitu. Watu wakaanza kushika vichwa. Lakini hawakupata hata nafasi ya kushika vizuri, juu chini ya dakika mbili baadaye Phil Foden akapoteza pasi, Thomas Partey akapiga kutoka mbali, mpira ukamgonga Stones ukaingia. Stones yule yule wa dakika ya 98. Mpira wa miguu una ufala wake.

Halafu dakika ya 62. Lewis-Skelly, sasa ana miaka 18, beki wa kushoto, akaingia ndani ya boksi, akajisongeza kidogo na kufunga na mguu wa kulia ambao hata si mguu wake. Bao lake la kwanza kwa timu ya wakubwa. Akakimbia hadi kwa kona, akakaa chini, miguu imekunjwa, macho yamefungwa, mikono kwa magoti, ule mkao wa yoga ambao ni wa Haaland mwenyewe akifunga. Ulitaka kujua mimi ni nani? Haya, cheki.

Na hii nayo ilikuwa karibu isifanyike. Wiki moja kabla, ugenini kwa Wolves, huyo kijana alikuwa ametolewa na kadi nyekundu. Klabu ikakata rufaa, kadi ikafutwa. Bila hiyo rufaa, angekuwa anatazama City kwa televisheni kama mimi na wewe.

Dakika ya 76 Havertz akapata yake baada ya Arsenal kutoka mbio na mpira, na dakika za nyongeza Ethan Nwaneri, miaka 17, akapinda moja kutoka upande wa kulia ikaingia kona ya mbali. Nwaneri na Lewis-Skelly wote ni watoto wa Hale End, ile akademia ya Arsenal. Huyu Nwaneri alicheza ligi kuu akiwa na miaka 15 na siku 181, Septemba 2022, rekodi ya umri mdogo. Kumaliza City na vijana ambao ulilea mwenyewe kuna utamu wake, huwezi linganisha na bao la mtu uliyenunua juzi. Firimbi ya mwisho ikalia, na DJ wa uwanja wa Emirates akaweka wimbo wa Kendrick Lamar, "Humble". Haukuhitaji maelezo.

Kwa hivyo mtu akikuambia ilikuwa kelele ya bure, mwambie hajui alichokuwa anatazama. Ukweli mwingine wa kuongeza, hata kama hautakufurahisha: City hiyo haikuwa ile ya kutisha. Rodri, kiungo aliyekuwa anashika kila kitu pale katikati, aliumia goti katika ile ile gemu ya Septemba. Baadaye mwaka huo City walipita kwa kipindi cha gemu 13 wakashinda moja tu. Arsenal walimchapa jitu likiwa na homa. Lakini jitu ni jitu, na tano ni tano.

Sasa tuje kwa shimo.

Angalia waliofunga: Ødegaard, Partey, Lewis-Skelly, Havertz, Nwaneri. Watu watano, kila mtu moja. Wachambuzi walisifu sana hiyo, eti bao zinatoka kila mahali. Ni sawa. Lakini igeuze upande wa pili. Huyo Havertz ndiye alikuwa straika pekee aliyebaki mzima. Gabriel Jesus alikuwa ameumia goti Januari, msimu kwisha. Bukayo Saka alikuwa nje tangu Desemba na msuli wa paja. Dirisha la usajili lilikuwa linafungwa kesho yake, Jumatatu tarehe 3. Arsenal walikuwa wamejaribu kumchukua Ollie Watkins, Aston Villa wakakataa. Dirisha likafungwa, hakuna straika aliyekuja. Na ukiwa umetoka kufunga City tano, nani atakuskiza ukilia straika?

Jumatano, siku tatu tu baada ya ile sherehe, Arsenal wakaenda Newcastle kwa mkondo wa pili wa nusu fainali ya Carabao. Wakachapwa 2-0, jumla 4-0, kwaheri. Gabriel Martinelli akatoka hapo ameumia msuli wa nyuma ya paja. Halafu timu ikaenda Dubai kupumzika na kufanya mazoezi kwa jua. Huko huko Havertz akararuka msuli. Karibu msimu wote uliobaki kwisha.

Unaona venye inaenda. Kufikia gemu ya Leicester Februari 15, hakukuwa na straika hata mmoja. Mikel Merino, ambaye ni kiungo, aliingia kipindi cha pili akacheza pale mbele na kufunga mbili za mwisho mwisho. Tukacheka, tukamwita namba tisa. Wiki iliyofuata West Ham wakaja Emirates, wakashinda 1-0, Lewis-Skelly akala kadi nyekundu, na hii ya sasa haikufutwa. Kisha 0-0 na Nottingham Forest. Tuliotoka 5-1 tulimaliza gemu mbili za ligi bila bao hata moja.

Baada ya kuchapa City, Arsenal walikuwa na pointi 50 kwa gemu 24. Liverpool walikuwa na 56, na gemu moja mkononi. Pointi sita. Mwisho wa msimu tofauti ilikuwa kumi, 84 kwa 74.

Lakini cheki hii hesabu, juu mimi ndiyo huninyima usingizi. Arsenal walipoteza gemu nne tu za ligi msimu mzima. Liverpool pia walipoteza nne. Nne kwa nne! Kwa hivyo ligi haikupotea kwa kuchapwa. Ilipotea kwa sare. Arsenal walitoka sare mara 14, Liverpool mara 9. Hizo tano za ziada, Liverpool wao walizishinda. Kila sare ukiigeuza ushindi unaongeza pointi mbili, mara tano ni kumi. Ndiyo ile tofauti yenyewe, bila hata kuongeza chumvi.

Na zilikuwa sare za aina gani? 0-0 na Everton nyumbani. 1-1 na Fulham. 1-1 na Brighton. 2-2 na Villa nyumbani, Arsenal wakiwa wanaongoza 2-0, na aliyesawazisha ni nani? Watkins. Zote zilikuwa Desemba na Januari, kabla ya ile Jumapili. Katika kila moja ya hizo, bao moja tu lingetosha.

Kuchapa City kulihitaji bao mbili. Tatu zilibaki za sherehe. Ungekuwa unaweza kuzihamisha, moja kwa Everton, moja kwa Fulham, moja kwa Villa, ungepata pointi sita za bure. Lakini bao haziwekwi M-Shwari. Zinaliwa siku hiyo hiyo. Jedwali la ligi linalipa 5-1 dhidi ya City pointi tatu, sawa na 1-0 ya kuchosha dhidi ya Everton siku ya mvua, na haliulizi nani alikaa mkao wa yoga. Sisi mashabiki tunalipwa tofauti. Ile 1-0 ya Everton, hata kama ingekuja, leo ungekuwa umeisahau. Ile ya City utamsimulia mtoi wako.

Ndiyo maana timu zinazobeba ligi huwa na mtu fulani wa kuboesha pale mbele, mtu wa kugusa mpira mara kumi na kufunga moja, kwa gemu ambayo wengine wote wamelala. Vijana wa Hale End watakupea usiku wa kukumbuka. Jumamosi ya Everton inataka straika.

Alikuja, kwa njia. Viktor Gyökeres, kutoka Sporting ya Ureno. Akasaini Julai 2025, karibu miezi sita baada ya dirisha la Februari kufungwa, na Liverpool wakiwa wameshaliweka kombe kabatini.