Siagi ya Mapera Haina Siagi

Siku moja mama mmoja wa hapa Mtabila alileta mtoto wake zahanati kupimwa uzito. Uzito ulikuwa umeshuka. "Bwana mganga," alisema, "kila siku namtilia siagi ya mapera kwenye uji. Tulifundishwa kuipika." Alishangaa nilipomwambia kuwa siagi hiyo haina siagi.

Jina limetoka mbali. Huko Ulaya na Marekani watu hupika matufaha kwa saa nyingi mpaka yawe rojo zito la kahawia. Huliita siagi kwa sababu hupakwa kwenye mkate. Ndani hamna maziwa wala mafuta. Sisi tuna mapera, nayo huoza chini ya miti kila msimu. Basi, tuyapike.

Osha mapera yaliyoiva, yakate, yachemshe kwa maji kidogo mpaka yalainike. Yachuje ili uondoe mbegu. Rudisha rojo kwenye moto mdogo, tia sukari kidogo na maji ya limau, koroga kwa mwiko. Usiondoke! Rojo hili huruka na kuunguza. Watoto wakae mbali. Weka tone kwenye sahani. Lisipochuruzika maji, limeiva. Litie likiwa moto katika chupa iliyochemshwa pamoja na kifuniko chake.

Lipake kwenye viazi vitamu, chapati au mkate. Mtu mzima aweza kulitia kwenye uji badala ya sukari. Kijiko kimoja chatosha. Mwenye kisukari aulize zahanati kwanza.

Na mtoto je? Kabla ya miezi 6 anyonye tu. Baada ya hapo uji wake utiwe karanga au maharage yaliyopondwa laini, au unga wa dagaa. Hivyo ndivyo vinavyojenga mwili. Ongeza mawese kidogo. Pera mpe lililoiva, lisilopikwa, liponde na kulichuja mbegu. Lina vitamini C zaidi ya mara 3 ya chungwa la uzito uleule, lakini moto wa muda mrefu huipunguza. Likiliwa pamoja na maharage au mchicha, husaidia mwili kupata madini ya chuma yanayoongeza damu.

Yule mama alirudi baada ya mwezi. Mtoto alikuwa ameongezeka nusu kilo. Siagi, alisema, sasa wanakula wakubwa.

Chupa ikiota ukungu, usikwangue juu ukala ya chini. Mwaga yote.