Mchongaji na Jukwaa Lake: Uteuzi baina ya Programu ya Uchongaji wa Kidijitali na Injini ya Michoro ya Wavuti

Utangulizi

Ufundi wa kuchonga una historia ndefu katika upwa wa Afrika Mashariki. Milango ya Lamu, mji wa kale ulioingizwa na UNESCO katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka wa 2001, ni ithibati ya mikono iliyoijua patasi. Siku hizi nakshi za aina hiyo zinaweza kuundwa upya ndani ya tarakilishi na kutazamwa na mtu ambaye hajawahi kufika Lamu. Hata hivyo, anayetaka kuifanya kazi hiyo hukabiliwa na swali: je, ajifunze programu ya uchongaji wa kidijitali au injini ya michoro ya wavuti? Makala haya yanafafanua kazi ya kila moja, na kuonyesha kuwa uteuzi wa busara huanza kwa kumfikiria mtazamaji, wala si kwa kulinganisha sifa za programu.

Programu ya Uchongaji

Programu ya uchongaji humpa mtumiaji mfano wa bonge la udongo kwenye kioo cha tarakilishi. Kwa kipanya au kalamu ya kielektroniki, yeye hulivuta, hulichimba na kulilainisha. Mchongaji wa mbao hupunguza tu, na kipande kilichobanduka hakirudi. Mchongaji wa tarakilishi hupunguza na kuongeza, na kosa lake hufutika.

Programu mashuhuri katika uwanja huu ni ZBrush, iliyoanza kuonyeshwa na kampuni ya Pixologic mwaka wa 1999 na ambayo tangu 2022 imo mikononi mwa kampuni ya Maxon. Programu hiyo hulipiwa. Nyingine ni Blender, programu huria isiyotozwa ada. Msimbo wake uliachiliwa kwa umma mwaka wa 2002 baada ya mchango wa yuro 100,000, na zana za uchongaji zikaongezwa mwaka wa 2007.

Kwa ndani, umbo linalochongwa ni wavu wa viuso vidogo vyenye pande nne, vinavyokutana kwenye vipeo. Mchongaji akitaka undani zaidi, kila kiuso hugawanywa kuwa vinne. Hivyo, umbo lililoanza na viuso 10,000 huwa na viuso 10,240,000 baada ya kugawanywa mara tano. Hapo ndipo ua dogo la nakshi hupata mishipa ya majani yake.

Injini ya Michoro ya Wavuti

Injini ya michoro, kwa upande wake, si chombo cha kuchongea. Kazi yake ni kulionyesha umbo ndani ya kivinjari, bila mtazamaji kulazimika kusakinisha programu nyingine. Msingi wake wa kawaida ni WebGL, kiwango kilichotolewa na muungano wa Khronos mwaka wa 2011, ambacho hukiwezesha kivinjari kuitumia kadi ya michoro ya mashine. Kwa kuwa kuiandikia WebGL yenyewe ni kazi ya kuchosha, wengi hutumia injini kama three.js, iliyoanzishwa na Ricardo Cabello mwaka wa 2010, au Babylon.js, iliyochipuka Microsoft mwaka wa 2013. Zote mbili ni huria.

Anayeitumia injini huandika msimbo wa JavaScript. Yeye ndiye huamua kamera isimame wapi, mwanga utoke upande gani, na litokee jambo gani mtazamaji anapogusa sehemu fulani. Injini inaweza kuunda maumbo sahili kama mchemraba na tufe, lakini nakshi lazima itoke kwingineko.

Ni muhimu kutaja kuwa mpaka baina ya pande hizi mbili si ukuta. SculptGL, iliyoundwa na Stéphane Ginier, ni programu ya uchongaji inayofanya kazi ndani ya kivinjari kwa kutumia WebGL. Aidha, muundo wa faili uitwao glTF, uliotolewa na Khronos mwaka wa 2015, umekuwa daraja la kulihamisha umbo kutoka karakana hadi kwenye wavuti.

Tatizo la Uzito

Daraja hilo, hata hivyo, halivuki kila mzigo. Nafasi ya kipeo kimoja kwa kawaida huhitaji baiti 12. Katika wavu wa aina iliyotajwa, idadi ya vipeo hukaribiana na ya viuso. Kwa hiyo mlango wa viuso 10,240,000 utahitaji takribani megabaiti 123 kwa nafasi za vipeo pekee, kabla ya rangi na habari nyinginezo. Kwa msomaji anayetumia simu na kujinunulia data, huo ni mlango uliofungwa.

Mafundi hulitatua tatizo hili kwa kuunda nakala nyepesi, tuseme ya viuso 20,000, ambayo nafasi za vipeo vyake huhitaji takribani megabaiti 0.24. Undani uliopotea huhifadhiwa katika picha inayoielekeza injini jinsi mwanga unavyopaswa kuangukia kila sehemu, hata uso uliolala uonekane kama uliochimbwa. Lakini ujanja huo una kikomo: ukitazamwa kwa ubavu, kina cha nakshi hutoweka. Mtafiti anayechunguza jinsi patasi ilivyozama hatatosheka na nakala hiyo. Atahitaji faili asilia.

Vigezo vya Uteuzi

Wahenga walisema, mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Kila shabiki wa programu huisifu yake, kwa hivyo ni heri anayechagua aulize kwanza ni nani atakayeitazama kazi. Ikiwa kazi ni ya filamu, ya kuchapwa kama sanamu ya kushikika, au ya kuhifadhi umbo kwa ajili ya utafiti, uchongaji utangulie. Ikiwa lengo ni kuwafikia wasomaji wengi na kuwaelimisha, injini itangulie, hata kama umbo la kuanzia ni sahili.

Kwa mwanafunzi wa Kiswahili, hoja hii ina uzito wa pekee. Umbo lililochongwa vizuri huonyesha mlango, lakini halisemi kitu. Injini inaweza kuyaambatisha maneno kwenye sehemu zake: kizingiti, miimo, mfaa, bawaba, komeo. Msomaji akigusa mfaa, aone jina lake na maelezo yake kwa Kiswahili.

Hitimisho

Imebainika kuwa programu ya uchongaji huunda na injini ya wavuti huonyesha, si washindani. Asiye na muda wa kujifunza zote mbili achague ile iliyo karibu zaidi na mtazamaji wake, na ashirikiane na mwenye ujuzi wa ile nyingine. Idara za Kiswahili zinazotamani kuuhifadhi urithi wa upwa kwa njia hii zina mchango ambao fundi wa tarakilishi hawezi kuutoa peke yake: kuyakusanya majina ya sehemu na nakshi kutoka kwa wachongaji wenyewe, wakati bado wapo wa kuulizwa.